Robert Koch: Jabali la sayansi lililokwama mbele ya malale

MKAZI wa Rusimbi, Mwanga au Ujiji anayekohoa kwa wiki mbili na zaidi hushauriwa kupeleka makohozi yake yakapimwe kifua kikuu. Bakteria wanaotafutwa katika makohozi hayo walitangazwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin, Machi 24, 1882, na daktari wa Kijerumani aitwaye Robert Koch. Tangu siku hiyo jina lake halijatoka katika vitabu vya tiba.

Hata hivyo, jina hilo lina historia nyingine katika nchi za Maziwa Makuu, ambayo haisimuliwi sana. Mwaka 1906 Koch alifika Ziwa Viktoria kupambana na malale, ugonjwa unaoshambulia ubongo, na dawa aliyoitegemea iliwaacha baadhi ya wagonjwa wake vipofu. Baada yake, wasaidizi wake waliuhamishia mpango huo hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Katika zama hizi mwanasayansi hupimwa kwa idadi ya machapisho yake na kwa mara ngapi amerejelewa na wenzake. Kwa kipimo hicho Koch ni jabali. Kwa kipimo cha mgonjwa wa malale, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Daktari wa wilaya na darubini yake

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, katika mji mdogo wa Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na familia ilikuwa na watoto wengi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866.

Mmoja wa walimu wake alikuwa Jacob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa ameandika kuwa magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Wakati huo hayo yalikuwa mawazo tu, kwani hakuna aliyekuwa ameyathibitisha. Kazi hiyo ilimngoja mwanafunzi wake.

Mwaka 1867 Koch alimwoa Emmy Fraatz, wakapata mtoto mmoja wa kike. Baada ya kujitolea kama daktari katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa, mwaka 1872 aliajiriwa kuwa daktari wa wilaya huko Wöllstein, mji ambao leo uko Poland. Hapakuwa na maktaba wala chuo kikuu karibu, na utafiti wake aliufanya nyumbani, katika chumba alichopokelea wagonjwa.

Mifugo ya wilaya hiyo ilikuwa ikifa kwa kimeta. Koch aliotesha vijidudu vya kimeta, akafuatilia maisha yao chini ya darubini, na akaona kuwa hujigeuza mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa miaka mingi. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini malisho yaleyale yaliendelea kuua mifugo hata baada ya kuachwa kwa muda mrefu.

Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kumwonyesha matokeo yake Profesa Ferdinand Cohn, bingwa wa elimu ya mimea. Cohn aliridhika na kuyachapisha mwaka huohuo katika jarida alilolihariri. Daktari asiyejulikana akawa mtu wa kusomwa na wataalamu.

Kazi zilizobadili tiba

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola. Huko alitafuta njia ya kuotesha kila aina ya bakteria peke yake, bila kuchanganyika na wengine. Alianza kwa vipande vya viazi, kisha akatumia jelatini, lakini jelatini iliyeyuka kwenye joto.

Ufumbuzi ulitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa daktari Walther Hesse aliyefanya kazi na Koch, alipendekeza agari, utomvu wa mwani wa baharini alioutumia kugandisha vyakula. Agari iko hadi leo katika maabara zote za bakteria duniani, pamoja na visahani vilivyobuniwa mwaka 1887 na msaidizi mwingine wa Koch, Julius Petri.

Petri aliachiwa jina lake katika visahani hivyo. Fanny Hesse hakupewa kitu, kwani Koch alipoitaja agari katika andiko lake la mwaka 1882 hakusema wazo hilo lilitoka kwa nani. Ni mfano wa mapema wa jinsi marejeo ya kitaaluma yanavyoweza kumpandisha mmoja na kumsahau mwingine.

Andiko hilo la mwaka 1882 lilikuwa lile la kifua kikuu. Koch alilisoma mbele ya Chama cha Wanafiziolojia cha Berlin Machi 24, na likachapishwa Aprili 10 katika gazeti la kitabibu la kila wiki. Wengi waliamini wakati huo kuwa kifua kikuu ni ugonjwa wa kurithi. Koch alionyesha bakteria wake, akawaotesha, akawaingiza kwa wanyama na kuupata tena ugonjwa uleule.

Utaratibu huo wa hatua kwa hatua ndio uliokuja kuitwa kanuni za Koch. Msaidizi wake, Friedrich Loeffler, aliueleza kwa mpangilio katika kazi yake juu ya dondakoo, na Koch akaurudia katika mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Berlin mwaka 1890. Kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kanuni hizo, japo ni wachache wanaofungua maandiko yenyewe.

Mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, aliliandikia jambo hilo. Kazi kubwa mno, alieleza, hufika mahali ikaacha kurejelewa kwa sababu imekuwa maarifa ya kila mtu. Faharisi ya marejeo ya kisayansi ambayo Eugene Garfield alianza kuichapisha mwaka 1964, na kipimo alichopendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, haviwezi kuihesabu heshima ya namna hiyo.

Mwaka 1883 Koch alikwenda Misri na kisha Calcutta, India, kufuatilia kipindupindu. Alirejea Ujerumani mwaka 1884 akiwa shujaa wa taifa, baada ya kumtambua bakteria wa ugonjwa huo. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amemwona bakteria huyohuyo mwaka 1854, lakini andiko lake halikuwa limezingatiwa.

Dosari ya kwanza

Sifa zikaleta haraka. Mwaka 1890 Koch alitangaza kuwa amepata kitu cha kuzuia bakteria wa kifua kikuu mwilini, kilichokuja kuitwa tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande, huku yeye akificha namna dawa hiyo ilivyotengenezwa.

Baada ya miezi michache ilidhihirika kuwa tuberkulini haiponyi, na kwamba baadhi ya waliodungwa walizidiwa na kufa. Rudolf Virchow, mtaalamu mkubwa wa kuchunguza maiti, alionyesha miili ambayo ndani yake ugonjwa ulikuwa umesambaa. Baadaye tuberkulini ilipata kazi ya kufaa kama kipimo cha ngozi, kupitia kazi za Clemens von Pirquet mwaka 1907 na Charles Mantoux mwaka 1908.

Mwaka 1891 Koch alikabidhiwa taasisi mpya ya magonjwa ya kuambukiza mjini Berlin. Ndoa yake na Emmy ilivunjika, na mwaka 1893 alimwoa Hedwig Freiberg, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, jambo lililozungumzwa sana mjini. Kuanzia hapo alizidi kuvutwa na safari za mbali.

Dar es Salaam, Kisiba na papasi

Koch aliwasili Dar es Salaam mwaka 1897 akitokea India alikokuwa akichunguza tauni. Alikaa hadi mwaka 1898, akichunguza malaria, homa ya mkojo mweusi na magonjwa ya ng'ombe. Aidha, alithibitisha kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kisiba, karibu na Bukoba, ulikuwa tauni.

Si kila alichokiona alikielewa. Katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam aliona vimelea vidogo, akadhani ni hatua mojawapo ya ugonjwa mwingine uliojulikana Marekani. Baadaye ilibainika kuwa hivyo ndivyo vimelea vya ndigana kali.

Alirudi tena mwaka 1905, na safari hii aliingia ndani ya nchi kwa msafara hadi Uhehe. Njiani alichunguza homa ya papasi, iliyowatesa wapagazi na wasafiri waliolala katika vibanda vya njia za misafara. Watu wa njia ya kati, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, waliijua homa hiyo miaka mingi kabla ya darubini kufika, na David Livingstone alikuwa ameandika juu ya madhara ya papasi tangu mwaka 1857.

Koch aliona vijidudu vya homa hiyo ndani ya mayai ya papasi, akaonyesha kuwa papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa. Hakuwa peke yake. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kasongo katika nchi ya Manyema walikotoka mababu wa wakazi wengi wa Ujiji, Mwingereza Joseph Everett Dutton na mwenzake John Todd walikuwa kwenye utafiti uleule. Dutton aliugua homa hiyohiyo na kufariki Kasongo Februari 1905, na kijidudu hicho kikapewa jina lake.

Mwishoni mwa mwaka huo Koch alipokea Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yake ya kifua kikuu. Alikuwa akitimiza miaka 62, na angeweza kupumzika. Badala yake, Aprili 1906 alifunga safari nyingine ya Afrika Mashariki, akiongoza tume ya serikali yake dhidi ya malale.

Ugonjwa unaoingia ubongoni

Malale yalikuwa yameivamia Uganda kuanzia mwanzoni mwa karne. Madaktari ndugu, Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo, waliwatambua wagonjwa wa kwanza mwaka 1901, na kufikia mwishoni mwa muongo huo inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa kuzunguka Ziwa Viktoria. Vijiji vya mwambao na visiwa vilibaki mahame.

Ugonjwa huanza kwa homa na kuvimba tezi za shingo. Katika hatua hiyo vimelea vyake vimo katika damu na tezi. Baadaye huvuka na kuingia katika ubongo na maji ya uti wa mgongo, na hapo mgonjwa hubadilika tabia, hulala mchana na kukesha usiku, hushindwa kula, na mwisho hufa.

Ushahidi kwamba malale ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu ulipatikana hatua kwa hatua. Mwaka 1902 kijana wa Kiitalia, Aldo Castellani, aliona vimelea katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa huko Entebbe. David Bruce, aliyefika mwaka 1903, aliunganisha vimelea hivyo na mbung'o. Ukazuka mgogoro mkubwa kuhusu nani hasa astahili kutajwa kuwa mgunduzi, ukafika hadi kwenye magazeti ya London.

Wakati huohuo Frederick Mott, mtaalamu wa magonjwa ya ubongo wa London, alichunguza bongo za watu waliokufa kwa malale. Alikuta mishipa ya damu ya ubongo imezungukwa na tabaka la seli za kinga, dalili ya uvimbe wa muda mrefu. Kwa hiyo Koch alipoondoka Ujerumani, tayari ilijulikana ni wapi ugonjwa huu humalizia kazi yake.

Visiwa vya Sese

Tume ya Koch ilipita Amani na Mwanza, lakini upande wa Wajerumani ilikuta wagonjwa wachache. Kwa ruhusa ya Waingereza ilihamia visiwa vya Sese nchini Uganda, ambako malale yalikuwa yamekithiri. Kambi ikajengwa Bugala, na mamia ya wagonjwa wakafika, wengine wakibebwa na jamaa zao.

Dawa aliyokuja nayo iliitwa Atoxyl, iliyotengenezwa kwa arseniki. Mwaka 1905 Wolferstan Thomas na Anton Breinl wa Liverpool walikuwa wameonyesha kuwa huua vimelea vya malale katika wanyama. Wazo la arseniki lenyewe lilikuwa la zamani zaidi. Mwaka 1858 Livingstone, ambaye miaka 13 baadaye angekutana na Henry Stanley mjini Ujiji, alichapisha habari za farasi aliyeumwa na mbung'o, akapewa arseniki, akapata nafuu ya muda na kisha kufa.

Koch alidunga nusu gramu kwa siku mbili mfululizo na kurudia baada ya siku kumi. Matokeo ya mwanzo yalimfurahisha. Saa chache baada ya sindano vimelea vilitoweka katika tezi, na wagonjwa waliodhoofika waliinuka na kutembea. Ripoti zake zilichapishwa Ujerumani na kusomwa kwa shauku.

Kosa lilikuwa katika mahali alipopatazama. Alipima damu na tezi, kwa sababu huko ndiko vimelea vilikoonekana kwa urahisi, na damu ikiwa safi mgonjwa alihesabiwa kuwa anaendelea vyema. Lakini Atoxyl haikuweza kuvifuata vimelea vilivyokwisha kuingia ubongoni. Baada ya muda ugonjwa ulirudi kwa wengi.

Ugonjwa uliporudi, Koch aliongeza kipimo hadi gramu nzima. Hapo ndipo yalipotokea maafa. Wagonjwa 22 walipofuka kabisa, kwa kuwa dawa iliharibu mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo, na mshipa huo ukifa haufufuki. Koch alirudisha kipimo cha nusu gramu, lakini hakuiacha dawa.

Wagonjwa hao walikuwa wamelishwa sumu kwa matumaini ya kupona, chini ya tawala mbili za kikoloni zilizotaka jibu la haraka. Wengi waliotibiwa katika makambi ya malale ya miaka hiyo walitoroka, na wakuu waliwalaumu kwa ujinga. Anayefikiria maumivu ya sindano, umbali kutoka nyumbani na habari za waliopofuka, hataona ujinga katika uamuzi huo.

Koch alirejea Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1907 na kupokewa kwa heshima. Mapendekezo yake yalikuwa wagonjwa wakusanywe katika makambi, wadungwe Atoxyl, vichaka vya mwambao vifyekwe, na mamba wauawe kwa sababu mbung'o hunywa damu yao. Aligundua pia kuwa vijana wa Kisiba walikuwa wakienda Uganda kutafuta kazi ya kugema mpira na kurudi na ugonjwa.

Mpango wafika Ziwa Tanganyika

Malale yalikuwa pia yakija kutoka magharibi. Yakifuata njia za Kongo, yalifika Ziwa Tanganyika, ambako mitumbwi ya wavuvi na wafanyabiashara ilivuka kila siku kati ya Manyema, Urundi na Ujiji. Serikali ya Kijerumani ilifungua makambi katika mwambao wa mashariki wa ziwa, yakiwamo ya Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na Nyanza-Lac kusini mwake.

Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Friedrich Karl Kleine, aliyekuwa msaidizi wa Koch huko Sese. Watu walipangwa mistari na kupapaswa shingo kutafuta tezi, mitumbwi ilizuiwa, vichaka vya bandarini vilifyekwa, na waliokutwa na ugonjwa walipelekwa kambini kudungwa. Kwa mvuvi wa dagaa, kuzuiwa kuvuka ziwa kulikuwa sawa na kunyang'anywa riziki.

Kleine hakukosa mchango wake. Akifanya kazi karibu na Ziwa Viktoria mwaka 1908 na 1909, alithibitisha kuwa mbung'o haambukizi kwa kuchafuka mdomo tu, kama Bruce alivyoamini. Vimelea hukua ndani ya mbung'o kwa wiki kadhaa kabla ya kuweza kumwingia kiumbe mwingine. Bruce alirudia majaribio hayo na kukubali kwamba alikosea.

Koch aliishi kuyaona matokeo hayo ya mwanafunzi wake. Alifariki Mei 27, 1910, mjini Baden-Baden kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 66. Majivu yake yalihifadhiwa ndani ya taasisi yake mjini Berlin, ambayo inaitwa kwa jina lake, na mwaka 1912 maandiko yake yakakusanywa na kuchapishwa pamoja.

Makambi ya Ziwa Tanganyika hayakudumu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, vita vikazuka mwaka huohuo, na Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Malale hayakuondoka na Wajerumani. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kiingereza uliwahamisha watu wengi wa Buha na kuwaweka katika makazi ya pamoja ili kuwatenga na mapori ya mbung'o, na wilaya za Kasulu na Kibondo ziliendelea kupata wagonjwa kwa miongo mingi iliyofuata.

Ukuta ambao Koch hakuuvuka

Jibu la fumbo la Sese lilikuwa limekwisha kuchungulia Berlin. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, ambaye baadaye angefanya kazi katika taasisi ya Koch, aliona kuwa baadhi ya rangi akizidunga ndani ya damu ya mnyama hupaka viungo vyote isipokuwa ubongo. Hakuitafsiri vema. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, aliporudia kazi hiyo hadi mwaka 1913, ilianza kueleweka kuwa kati ya damu na ubongo kuna ukuta unaochuja.

Ukuta huo ndio uliowaficha vimelea vya malale dhidi ya Atoxyl. Dawa inayosafisha damu bila kuuvuka ukuta humpa mgonjwa nafuu ya muda, kama ile ya farasi wa Livingstone. Hakuna kipimo cha damu, hata kifanywe na mshindi wa Nobel, kinachoweza kueleza kinachoendelea upande wa pili.

Ehrlich mwenyewe aliichukua Atoxyl, akabainisha mwaka 1907 muundo wake halisi, na kutoka hapo akatengeneza dawa ya kwanza ya kaswende iliyofanya kazi, ambayo ilianza kutumika mwaka 1910. Hivyo dawa iliyopofusha watu Sese ikawa mzazi wa tiba ya kisasa ya kemikali. Mamilioni ya watu walifaidika, lakini waliolipa gharama hawakuwa miongoni mwao.

Arseniki iliendelea kutawala tiba ya malale. Mwaka 1920 Louise Pearce wa Taasisi ya Rockefeller alikwenda Kongo kujaribu dawa nyingine ya arseniki iliyoweza kuingia ubongoni, nayo pia ilikuwa na hatari kwa macho. Mwaka 1949 ikaja melasoproli, iliyoponya hatua ya mwisho ya ugonjwa, ila takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe kwa kuharibiwa ubongo.

Ilichukua zaidi ya miaka 100 tangu kambi ya Bugala kupata njia ya kuiacha sumu hiyo. Feksinidazoli, vidonge vya kumeza vinavyouvuka ukuta wa ubongo, viliidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Ulaya mwaka 2018 kwa malale ya Afrika Magharibi na Kati. Desemba 2023 viliungwa mkono pia kwa malale ya Afrika Mashariki, aina inayopatikana Tanzania, baada ya majaribio Malawi na Uganda. Wagonjwa walioripotiwa Afrika nzima walikuwa karibu 40,000 mwaka 1998, na tangu mwaka 2018 wamekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka.

Ushindi huo haukuletwa na jina moja. Uliletwa na watafiti wengi wa Kiafrika na wa kigeni, wauguzi waliokwenda vijijini kwa pikipiki na mitumbwi, na wagonjwa waliokubali kutobolewa uti wa mgongo ili ijulikane kama vimelea vimefika ubongoni. Wengi wao hawataonekana katika faharisi yoyote ya marejeo.

Kila Machi 24 dunia huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu kukumbuka tangazo la Koch la mwaka 1882, na anastahili kumbukumbu hiyo. Mgonjwa wa Kigoma anayepona kifua kikuu leo anavuna kilichopandwa Wöllstein na Berlin. Kumwondolea Koch sifa hiyo kungekuwa kupotosha historia.

Kuificha Sese nako ni kuipotosha. Kazi ileile ya mtu mmoja ilitoa kanuni zinazofundishwa duniani kote na ikawanyima watu 22 nuru ya macho, na marejeo yaliihesabu sehemu ya kwanza peke yake. Hakuna kanuni yenye jina la mgonjwa wa Bugala, ingawa mwili wake ndio uliowafundisha madaktari kwamba damu safi si ushahidi wa ubongo uliopona.